Mtu Mbaya Wetu Anastaafu: Yoeli Namtula wa Kituo cha Sanaa Nalikanda

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Yoeli Namtula, ambaye wengi wetu tunamwita Baba Dickson, anastaafu rasmi baada ya kukitumikia Kituo cha Sanaa Nalikanda, hapa Masasi, kwa miaka thelathini na sita. Katika muda huo amekuwa mlevi, mganga tapeli, mnunuzi wa korosho mwenye mizani mbovu, baba anayemwozesha binti aliyefaulu kwenda sekondari, mwenyekiti mla rushwa na, kwa msimu mmoja mwigizaji mwenzetu Yuster alipokuwa likizo ya uzazi, mama mkwe. Hajawahi hata mara moja kuwa mtu mwema jukwaani. Hajawahi pia kuchelewa kazini.

Nimeombwa mimi, Cecilia, niandike wasifu huu kwa kuwa michezo mingi aliyoigiza niliiandika mimi. Kama alivyosema mkurugenzi wetu Bi Pili, ubaya wote ule nusu yake ni wangu. Nakubali, ila nusu ya mama mkwe siipokei. Ile aliitunga mwenyewe, na mama mkwe wangu hadi leo anaamini alikuwa anasemwa yeye.

Wachache wanajua kwamba Baba Dickson hakuajiriwa kuigiza. Alizaliwa Kitangari, akasoma hadi darasa la saba, akajifunza udereva kwenye gari la misheni, na mwaka 1989 akaletwa kwetu kuendesha Landrova ya kituo. Kazi yake ilikuwa kutufikisha vijijini, kushusha ngoma na mapazia, kisha kukaa kivulini hadi tumalize. Alikuwa kijana mpole, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa, anayewaamkia hata watu aliowazidi umri.

Ukaja msimu wa mabibo. Tulikuwa na mchezo kuhusu madhara ya pombe katika kijiji kimoja bondeni, na mlevi wetu alikuwa Chrispin, mwigizaji hodari wa siku zile. Asubuhi ile Chrispin aliaga kwamba anakwenda kuifanyia utafiti kidogo nafasi yake. Utafiti ulifanyika kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, na ulifanyika kwa kina. Wageni walipokwisha kuketi na ngoma kuanza kulia, tulimkuta amelala ndani ya Landrova, amekumbatia tairi la akiba.

Bi Pili, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo aliyepewa madaraka makubwa, aliangaza macho huku na huku. Mwanamume pekee asiye na nafasi katika mchezo alikuwa dereva, amekaa kwenye gogo anakula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha.

"Yoeli, unajua kulewa?"

"Sinywi, dada. Mimi ni mtu wa kwaya."

"Sijakuuliza kama unakunywa."

Tukamvua Chrispin koti, tukamvalisha Yoeli, tukamsukuma uwanjani. Sisi wengine tulifumba macho. Tulijua atayumba, ataanguka, atapayuka, kama kila mtu anavyofanya akiambiwa aigize mlevi. Hakuyumba. Aliingia anatembea wima kabisa, polepole, hatua moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeapa kumwonyesha kila mmoja kwamba yeye ni mzima. Akaufikia mlingoti wa bendera, akavua kofia, akauamkia shikamoo. Akangoja aitikiwe. Mlingoti ulipokaa kimya alisikitika sana, akaugeukia umati kuonyesha jinsi watu wa siku hizi walivyokosa adabu.

Umati ulianguka chini kwa kicheko. Kisha akafika kwa Yuster, aliyeigiza mkewe, akaomba chakula kwa sauti ndogo ya mtu aliye karibu kupiga, na kile kicheko kikakatika. Wanawake walioketi kwenye mikeka walianza kumnyooshea vidole. Bibi mmoja alivua kandambili.

Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja wa kanisa alimchukua Yoeli pembeni, akamwekea mkono kichwani na kumwombea aache pombe. Maombi yalikuwa marefu. Yoeli hakutaka kumwaibisha mzee wa watu, akapiga magoti na kuitikia amina kila palipotakiwa. Na kweli, tangu siku hiyo hajagusa pombe, kama ambavyo hakuwa ameigusa kabla.

Kuanzia hapo alikuwa mwigizaji, ingawa kwenye karatasi za kituo aliendelea kuitwa dereva kwa miaka mingi, na kweli aliendelea kuendesha. Chrispin hakumwonea kijicho. Aliacha uraka, akahamia kwenye nafasi za machifu na mapadri, na wawili hao wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Siri ya Baba Dickson ilikuwa swali moja. Kila nilipompa mchezo mpya aliusoma, akaufunga, akaniuliza, "Dada Cecilia, huyu mtu anataka nini?" Nikimjibu kwamba huyu ni mtu mbaya tu, alitikisa kichwa. Alisema hajawahi kukutana na mtu anayejijua kuwa mbaya. Wote aliowaona walijiona wana haki, tena wanadhulumiwa. Hakukunja uso wala kucheka kile kicheko cha majambazi wa kwenye runinga. Mganga wake tapeli alikuwa mpole kama nesi. Huyo ndiye aliyetusumbua zaidi, kwa sababu kila baada ya mchezo walikuja watu wawili watatu nyuma ya pazia kumuuliza kama anatibu pia mgongo.

Umahiri huo ulikaribia kumkosesha mke. Alimpenda Oliva, binti wa Mwalimu Benedikto wa Tandahimba, na Oliva alimpenda. Akatuma washenga: mjomba wake, pamoja na Chrispin, aliyekwisha kuwa mtu wa maji na chai. Habari za kikao kile tunazo kwa kinywa cha Chrispin, ambaye huzisimulia kila mwaka kwenye sherehe ya kufunga msimu.

Mwalimu Benedikto aliwapokea vizuri, akasikiliza, kisha akauliza jina la kijana. Alipolisikia aliweka kikombe chini.

"Huyo namfahamu. Nilimwona kwa macho yangu pale uwanja wa shule, akimpiga mkewe mjamzito."

"Yale yalikuwa maigizo, mwalimu," Chrispin akasema.

"Na huyo mkewe yuko wapi sasa?"

"Hana mke, mwalimu. Ndiyo maana tumekuja."

"Ahaa. Amemfukuza?"

Washenga walirudi Masasi mikono mitupu. Ikabidi Yuster mwenyewe apelekwe Tandahimba kutoa ushahidi, akiwa na mume wake halisi, mtoto wake mgongoni, na Yoeli akitembea nyuma yao kama mshitakiwa.

"Shikamoo, baba," Yuster alisema. "Mimi ndiye yule mke aliyepigwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Sikupigwa, baba."

"Nililisikia kofi mimi."

"Kofi alijipiga mwenyewe kwa viganja vyake. Mimi kazi yangu ilikuwa kulia."

Mwalimu akataka waonyeshe. Wakaonyesha pale pale uani. Yuster alilia kwa ufundi wake wote, majirani wakaja mbio na michi, na ilichukua muda kuwatuliza. Baada ya hapo mwalimu alikubali kwamba kofi ni la uongo, lakini moyo wake ulikuwa bado haujatua. Akamgeukia Yoeli.

"Sawa. Ubaya nimeuona. Sasa niigizie mtu mwema."

Yoeli alisimama. Aliweka mikono mifukoni, akaitoa, akatabasamu kama mtu anayeumwa jino, akasema, "Habari za kutwa, mke wangu mpenzi, nimekuletea sukari." Alilisema hilo akiutazama mpapai. Chrispin husema hajaona uigizaji mbovu kama ule tangu azaliwe, na kwamba hata kuku waliondoka.

"Sifuri," alisema Mwalimu Benedikto.

Hapo ndipo Oliva aliposema kutoka nyuma ya mlango, "Baba, kama hawezi kuuigiza wema, basi akinitendea wema nitajua ni wa kweli."

Mwalimu akacheka, akaagiza chai nyingine. Baba na Mama Dickson wana watoto watatu na wajukuu, na kila Mama Dickson alipoletewa sukari miaka yote hii, anasema, ililetwa bila hotuba.

Runinga nayo ilimfikia. Mwaka 2016 kampuni moja kutoka Dar es Salaam ilikuja Masasi kurekodi tamthilia, ikamchagua awe mwizi wa korosho anayekamatwa stendi. Askari wa kumkamata alikuwa kijana mmoja mtanashati, nyota wa tamthilia, ambaye wasichana wa Masasi walikuja kumtazama wakiwa wamevalia kama siku ya Pasaka. Kamera ikawashwa. Nyota akamkunja Baba Dickson shati na kumburuta kuelekea kwenye gari.

Watu wa kampuni hawakujua jambo moja. Kule vijijini uwandani walimchukia, lakini Masasi mjini Baba Dickson alikuwa mzee wa watu. Madereva wa bodaboda waliokuwa wamepaki pale walikuwa wamekua wakimwona.

"We kijana, mzee wetu unamvutaje hivyo?"

"Tunarekodi, jamani, tunarekodi!"

"Karekodi na baba yako huko!"

Wakamjia juu, naye nyota akawahi kukimbilia mgahawani na kujifungia stoo, katikati ya magunia ya mkaa. Mwongozaji wa tamthilia, mtu mwenye akili zake, hakuizima kamera. Sehemu ile yote ilionyeshwa kama ilivyo, na wengi wanasema ndiyo nzuri kuliko zote. Ukisikiliza vizuri utamsikia Baba Dickson akipiga kelele mlangoni pa mgahawa, mikono ameitanua: "Mwacheni, jamani, mtoto wa watu huyu!" Maneno hayo hayakuwa kwenye mchezo. Mwishoni majina ya waigizaji yalipopita, lake liliandikwa Joel Mtulia. Alisema hilo si baya, Mtulia naye lazima alifurahi.

Sasa niseme habari ya Mnyambe, kijiji cha huko Newala, maana mwenyewe hataisema.

Ilikuwa mwaka juzi, kabla ya msimu wa korosho. Mchezo wetu ulihusu wajane wanaonyang'anywa mashamba. Baba Dickson alikuwa shemeji mtu, Yuster alikuwa mjane. Nilivyoandika, shemeji anafika na kamba ya kupimia shamba, anatoa maneno yake, mjane analia na kunyamaza, na katika sehemu ya pili msaidizi wa kisheria anakuja kumweleza haki zake. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume na viongozi walikuwa kwenye mabenchi ya mbele, wanawake kwenye mikeka.

Baba Dickson akaifungua kamba. "Mwanamke hana mkorosho," alisema kwa ule upole wake. "Mwanamke ana jembe tu."

Yuster hakupata nafasi ya kulia.

"Mwongo wewe!"

Mama mmoja wa makamo aliinuka kwenye mikeka, akapita katikati ya watu, akaingia uwanjani na kusimama mbele ya Baba Dickson. Baadaye tulijua jina lake ni Somoe, na kwamba ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda.

"Shemeji, ile mikorosho nani aliipanda?"

Bi Pili alinipungia mkono kutoka upande wa pili. Alitaka tupige ngoma na kukatisha. Kisha akampungia Baba Dickson. Baba Dickson alimwona vizuri kabisa, akampa mgongo.

"Aliipanda kaka yangu," alimjibu Somoe.

"Kaka yako alichimba mashimo. Maji nani aliteka? Maji ya huku unayajua yanakotoka? Nilipanda kilima na ndoo kichwani na mimba tumboni!"

"Ulikuwa mkewe. Ilikuwa kazi yako."

"Na mwaka ule aliolala kitandani, nani alipulizia dawa? Nani aliokota? Wewe ulikuja lini? Ulikuja siku ya mazishi. Keshoyake ukarudi na kamba!"

Sikuwa nimeandika kwamba alirudi keshoyake. Niliona watu wakigeuza shingo, mmoja mmoja, kutazama benchi la mbele. Pale alikuwa ameketi mwanamume mwenye kanzu safi ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na viatu vyake. Ndipo tulipoelewa kwamba mama yule hakuwa anasema na mwigizaji.

Baba Dickson alielewa kabla yetu. Angeweza kutania, watu wakacheka, mambo yakaisha. Alisogea hatua moja, akashusha sauti. "Na kama sitaki kuondoka?"

Somoe naye alisogea hatua moja. Kisha akanyoosha mkono wake.

"Basi nitoe mimi humu shambani. Mbele ya watu wote hawa. Nishike."

Baba Dickson aliutazama ule mkono. Akautazama umati. Kisha akaikunja kamba taratibu, akaiweka miguuni pa Somoe, akaondoka uwanjani kichwa chini, akipita katikati ya watu. Hakuna aliyempisha vizuri, na ganda la muhogo lilimpata sikioni.

Wanawake wakaanza kuinuka kwenye mikeka na kwenda kusimama nyuma ya Somoe. Mwanamume wa kanzu safi naye aliinuka, akasema anakwenda kuswali, ingawa adhana ilikuwa bado. Sehemu ya pili ya mchezo hatukuicheza. Haikuhitajika.

Tulikubaliana kumpeleka Somoe Newala siku ile ile, kwa wasaidizi wa kisheria halisi. Alikuja na kifurushi chake, akafika kwenye gari, akamwona aliyeshika usukani.

"Gari la huyu sipandi."

"Mama, ndiye dereva wetu," Bi Pili alimbembeleza.

"Basi mimi nakaa nyuma kabisa. Na ile kamba abebe mtu mwingine."

Njia nzima aliikazia macho shingo ya Baba Dickson. Tulipofika Newala, Baba Dickson alishuka kumfungulia mlango, akamwambia pole kwa safari. "Usinisemeshe," alisema Somoe, akaenda zake.

Tukiwa tunarudi Masasi, pale barabara inapoanza kuteremka, Baba Dickson alisimamisha gari na kutoka. Tulidhani ni pancha. Nilimfuata, nikamkuta amesimama anatazama bonde.

"Dada Cecilia, maneno yale ya jembe hukuyaandika wewe."

"Najua. Uliyatoa wapi?"

"Baba alipofariki, baba mdogo alikuja pale kwetu Kitangari na kamba. Mama alikuwa anamenya muhogo. Aliambiwa yote yale, hakujibu hata neno, aliendelea kumenya. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake." Akapenga kamasi. "Miaka yote hii namwigiza yule yule. Leo ndiyo kwanza amejibiwa."

Kisha akarudi kwenye gari, akamwambia Bi Pili kwamba ameharibu mchezo na yuko tayari kwa adhabu. Bi Pili, ambaye alisikia yote dirishani na alikuwa ameshalia hadi kitambaa kimelowa, alimwambia adhabu yake ni kuendesha gari na kunyamaza.

Baraza la kata lilikaa, wanawake wa Mnyambe wakaja kushuhudia, na shamba likabaki kwa Somoe na wanawe. Msimu uliopita Bi Pili alipita huko, Somoe akampa pakiti ya korosho alizobangua na kuzikaanga mwenyewe. "Mpe yule mzee," alisema. "Mwambie nimemsamehe. Ila asirudie tena."

Bi Pili aliufikisha ujumbe katikati ya mazoezi. Baba Dickson aliomba arudiwe maneno yale, akayasikiliza tena, akaifunga pakiti kwenye kitambaa na kwenda nayo kwa Mama Dickson. Hakutuonjesha hata punje. Nje ya jukwaa hatujawahi kumwona mchoyo isipokuwa siku ile, na hakuna aliyemlaumu.

Sasa anarudi Kitangari, kwenye mikorosho yake na kwaya yake. Funguo za gari amezikabidhi, pamoja na maelezo marefu kuhusu gia ya pili ambayo hakuna aliyeyaelewa. Nafasi zake tumezigawa kwa waigizaji vijana, na tumewaonya kwamba wasikunje nyuso.

Mama Dickson, asante kwa kutuazima mumeo mwema tukamfanya mwovu, na kwa kumpokea kila jioni bila kumuuliza leo amemdhulumu nani. Nawe Baba Dickson, kwa niaba ya Bi Pili, Yuster, Chrispin na wote wa Nalikanda, tunakuombea afya, mvua kwa wakati wake, na siku nyingi za kukaa na wajukuu. Umechukiwa vya kutosha. Nenda kapendwe.